Wa Kumi na Saba

Ndeonasia Lyatuu, Kibosho,
kilo mia mbili na kumi za kahawa ya maganda.
Mfumo unasema: hayupo.
Mwenyewe kakaa mbele yangu, mkoba magotini,
tope la mgombani bado bichi kwenye kiatu.

Jina la daftarini, jina la kwenye kioo:
mapacha.
Naiuliza programu, ni sawa?
Si sawa.

Basi nauliza urefu.
Daftari, kumi na sita. Kioo, kumi na saba.

Naanza kupepeta, herufi kwa herufi,
wewe pita, wewe pita,
mpaka nyuma ya ile u ya mwisho
nakuta kitu kisicho na sura, kimekalia kiti.
Nafasi.
Kidole gumba cha karani, msimu uliopita,
kilibonyeza mara moja zaidi;
labda alikuwa ameitwa chai.

Naandika: kila alama iulizwe kama ni tupu,
iwe nafasi, iwe mruko, iwe mstari mpya.
Nakata ncha zote mbili.
Ya katikati siigusi. Bila hiyo
angekuwa Ndeonasialyatuu,
mtu asiye na ukoo.

Simu yake inatetemeka. Hela imeingia.
Anaisoma mara mbili, midomo ikicheza.
"Kwani ilikuwa nini?"
"Nafasi tu, mama. Ilizidi."

Anacheka mpaka anashika ukuta.
"Nafasi izidi, Moshi hii?
Wanangu watano wanagawana kihamba
kwa hatua za mguu!"