Kikombe cha Nyaketcho

Kwa Kiswahili neno ni lile lile:
kikombe cha chai, kikombe cha taifa.
Ndiyo maana utotoni sikushangaa
kumwona bibi sokoni Tororo
akipimia ufuta kwa kikombe chenye masikio mawili,
kirefu kama mkono wangu wa wakati ule,
kilichosuguliwa kwa majivu hadi fedha ikapauka.

Kikombe kimoja, bei moja. Nyongeza konzi,
konzi ya mtoto, yaani yangu.

Kusoma nilijifunzia pale, kwenye kitako cha mti.
Vibao vya shaba, kila mwaka na chake,
kidole kikifuata herufi zilizojaa vumbi la ufuta:
askari magereza, wauza kahawa, polisi,
wanajeshi, watu wa umeme wa Jinja.
Nikadhani nchi nzima hufanya kazi mpaka saa kumi,
kisha huvua viatu vya kazi ikavaa vya mpira.
Sikuwa nimekosea sana.

Kibao kimoja kilikuwa kitupu.
Misumari minne, shaba, basi.
"Na hapa, bibi, ni nani?"
"Hapo ni babu yako."

Babu Etyang, mlinda lango wa timu ya reli,
mchana fundi wa breki, jioni ukuta.
Mwaka wa vita fainali ilichezwa, aliapa, Nakivubo,
majukwaa nusu matupu, mizinga ikisikika, au radi,
kila shahidi ana lake.
Bao lilikuwa moja. Winga Opendi alilifunga kwa goti,
hakukusudia, mpira ulimgonga.
Penalti ya dakika za mwisho babu aliitoa kwa unyayo.
Refa akapuliza kabla ya wakati, akavua fulana yake nyeusi,
akaondoka nayo kwapani kama mtu anayetoka kuoga.

Kikombe kilirudi kwa gari moshi la mizigo,
juu ya magunia ya chumvi.
Usiku ule walikijaza malwa, maji ya moto juu,
mirija kumi na mmoja ikainama,
na wa kumi na mbili, wa Nyaketcho,
kwa sababu malwa ilikuwa yake.

Wa kuchonga jina alikuwa Kampala. Duka limefungwa.
Viongozi wa chama wametawanyika,
faili zao zimewashia jiko la mtu.
Mwaka uliofuata hakuja yeyote kukidai.
Baadaye tukasikia redioni
kimenunuliwa kingine, kikubwa zaidi.
Njaa ilipoingia, bibi hakuwa na debe.
Alikuwa na kikombe.

Yule bwana alikuja na barua na viatu vya ngozi,
miaka ishirini imeshapita, babu keshalala.
"Mama, hii ni mali ya taifa."
Bibi akamaliza kwanza kumpimia mteja.
Akamimina, akakung'uta, akakiosha mara mbili.
"Chukua. Ila hapo patupu, andika."
Bwana akafungua daftari. Mwaka ule, akasema,
imeandikwa: hayakuchezwa.
"Nani hakucheza?" bibi akauliza,
na kwa kuwa daftari halikuwa na ukurasa wa swali hilo,
bwana akageuka kutazama Mwamba.

Leo kiko Kampala, ndani ya kabati la kioo.
Nilikwenda kukiona, nikaambiwa nisiguse.
Kibao bado kitupu.
Mlinzi, kijana mwema, akanisomea washindi wote
mpaka huyu wa juzi,
akaruka palepale wanaporuka wote.
Nikamwuliza kama anajua kinachukua kiasi gani.
Alidhani nauliza bei.

Kilo mbili kasorobo, mwanangu,
ukisawazisha kwa kiganja.
Sokoni Tororo wamekata jagi la plastiki kwa kipimo hicho,
na mnunuzi asiyetaka kupunjwa bado husema:
nipe cha Nyaketcho.