Kabla ya Alhamisi

Barua mbili ziko mezani, hapa Al Khoudh,
nimezikandamiza kwa kopo la mdalasini
kiyoyozi kisizipeperushe.

Ya kwanza ya kampuni ya mafuta: rial elfu moja na mia nne,
bima ya meno, gari baada ya mwaka.
Ya pili ya chuo: miaka minne ya udaktari,
posho isiyofika nusu ya hiyo,
na neno "huenda" mara tatu katika ukurasa mmoja.
Nimelihesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu.

Mama anapita na birika.
"Zuweina, umesoma mpaka kisomo kimekuchoka.
Na huo udaktari wenu
usiotibu hata mafua!"
Anacheka, kisha hacheki.
Siku hizi akipita ukumbini hasikiki.
Ilinichukua wiki nzima kujua kwa nini:
bangili mbili zimebaki kwa sonara wa Sib
ili gari langu lipite ukaguzi.
Hakuniambia. Niliuona mkono.

"Elimu haina mwisho," kaka Khalfan alisema juzi,
akimenya chungwa,
"lakini mkopo una tarehe."

Jumapili nilikwenda kwa Dokta Muhanna, msimamizi wangu.
Nikamkuta anapanga vitabu kwenye maboksi ya ndizi.
Miaka kumi na tisa, mkataba haukuongezwa.
Akanipa rula yake ya chuma, na stapla.
Nilikwenda na swali,
nikaishia kuuliza kama gundi ya karatasi inatosha.
"Usinitazame hivyo," akasema.
"Nilipata miaka sita mizuri."
Hakusema ipi.
Tangu hapo natoa sita katika kumi na tisa,
natoa tena, kana kwamba jibu litabadilika.

Kila Jumatano huwa Birkat al-Mauz kabla jua halijapanda,
nimechuchumaa kwenye falaji, suruali imelowa magotini,
nikitumbukiza kipimo cha chumvi.
Rafiqul, anayegawa maji kwa zamu,
huniruhusu nimalize ndipo afungulie shamba la warithi.
Siku moja akaniuliza, kwa Kiarabu chake na changu:
"Hizo namba unazoandika, nani ananunua?"
Nikamwambia hakuna.
Akatikisa kichwa kama anayempa pole mfiwa,
akaziba mdomo wa mfereji kwa jiwe na kitambaa.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hakuna niliyemwambia.
Mwezi wa nane maji hupungua na chumvi hupanda.
Kila nilichosoma kinasema hivyo.
Yangu ilishuka.
Nikabadilisha betri. Nikaazima kipimo kingine.
Nikarudi mara tano, na mara tano ikashuka,
kama kuna maji mengine yanayoingia huko chini
bila kupiga hodi.
Si jambo kubwa. Halimshibishi mtu.
Lakini duniani tunalijua wawili,
mimi na mfereji,
na mfereji hausemi.
Usiku linanikereketa kama punje ya mchanga ndani ya soksi:
unaweza kutembea nayo,
unaweza hata kufika.

Nimeandika mstari mmoja tu:
*Ninashukuru kwa nafasi mliyonipa.*
Unafaa kukubali. Unafaa kukataa.
Unaweza kwenda kwa yeyote kati yao,
na kwa saa mbili sasa haujaenda kwa mtu.

Saa tisa usiku. Kesho Alhamisi, siku ya kujibu.
Leo bado Jumatano.
Nachukua kipimo, daftari, rula ya chuma.
Kwenye kiti cha mbele cha gari kuna chupa ya chai,
moto, kifuniko kimekazwa kwa nguvu za mtu aliyekasirika,
na mikate miwili ya kumimina ndani ya taulo.

Sikumsikia akitoka.
Wala akirudi.