Kitovu cha Mrashi

Kwetu Mikindani arusi haikuwa arusi
mpaka mrashi utoke kabatini.
Bibi Somoe aliufungua katika kanga mbili,
ya ndani nyeupe, ya nje imefutika jina,
akatunyunyizia vichwani,
akasema bila kuulizwa:
"Huu wa Maskati. Ulikuja na watu wetu."
Watu wetu.
Tukaitazama mikono yetu, tukanyamaza.
Mtu hagombani na mkono unaomnukiza.

Bibi kafa. Zuhura kachukua kitanda,
mimi nikachukua mrashi,
na binamu yangu Issa Chilumba akachukua hesabu:
"Uza. Ukiwa kweli wa Maskati, bei yake ni bati la nyumba nzima."

Ukiwa kweli.

Nikaulaza mapajani kama mtoto mwenye homa.
Nikaupapasa shingo: hauna mshono.
Basi haukumiminwa katika kalibu,
ulipulizwa, kuna mtu alijaza mashavu.
Ubavuni kuna kiputo, kidogo kuliko punje ya ufuta,
pumzi ileile, mpaka leo haijapata pa kutokea.
Dhahabu ya mdomoni imechujuka upande mmoja tu,
upande wa kidole gumba.
Nikaugeuza. Kitakoni, katikati,
kovu la mviringo, limesuguliwa likalainika,
pale ulipokatwa ufito wa chuma.
Kitovu, nikasema, na nilikuwa peke yangu.
Sasa kilizikwa wapi?

Ilikuwa Novemba, fedha za korosho zimeingia,
foleni kwa Sharifa Mchopa imefika barabarani.
Ana kitaa cha zambarau cha kukagulia noti.
Nikautua mrashi kaunta nitafute simu,
ukawaka.
Kijani. Si cha jani, si cha chatu,
kijani cha kitu kinachokujua.
Mkulima nyuma yangu akarudi hatua: "Lina mwenyewe hilo!"
Sharifa akazima, akawasha, akazima.
"Noti ikiwaka mwili mzima, shoga yangu,
huwa ni bandia."

Mwalimu Nang'ondo wa kemia hakucheka.
"Urani," akasema. "Waliitia katika mchanga ulioyeyuka
ili wapate hii rangi ya ndimu iliyoiva.
Tanuri za namna hiyo zilikuwa Bohemia,
nchi ya misitu na theluji, haina hata ufukwe.
Umbo la mrashi waliliiga kwa sababu wateja walikuwa huku.
Waliotengeneza, nadhani, hawakujua unatiwa nini."
Akaurudisha kwa mikono miwili.
"Nadhani," akakazia. "Sina cheti chake."

Issa alipiga simu: "Bei imeshuka?"
Sikumjibu, nilikuwa njiani kwa shangazi Tabia.
Kama si wa Maskati, nikamwambia,
aliyetuletea ni nani?

Shangazi alichambua kisamvu mpaka ungo ukajaa.
Ndipo akasema, kwa ungo, si kwangu:
"Mama yake bibi yako alikuwa akiosha vyombo
kwenye nyumba ya mawe, ile iliyobaki ukuta.
Alitoka bara, mdogo, hajaota meno ya pili.
Jina la kwao hakuna aliyelisikia.
Pale walimwita Faida.
Siku wenye nyumba walipohama
hawakuhesabu vyombo.
Yeye alihesabu."

Nikakumbuka dhahabu iliyochujuka,
upande mmoja, wa kidole gumba.
Nikaweka changu. Kikaenea.

Jumamosi ilikuwa arusi ya binti wa Zuhura.
Kanga ya nje, kanga ya ndani, shingo, mdomo.
Wakainamisha vichwa, wakasubiri yale maneno.
Koo langu lilikuwa na kiputo.
"Huu ulipulizwa Bohemia," nikasema,
"ukaoshwa hapa Mikindani. Ni wa Faida."

Marashi yakawadondokea.
Kasichana ka mbele, kenye hina mbichi,
kakafuta jicho, kakaniangalia:

"Faida ya nani?"