Makonyo

Kituoni Konde karafuu hazipokelewi kwa salamu.
Mpimaji hutumbukiza mkono hadi kiwiko,
huchota ukufi mmoja katikati ya gunia,
si juu palipopambwa,
akaumwaga siniani, akachambua kwa ukucha:
karafuu, karafuu, konyo, kijiwe.
Nimeyaona hayo tangu sijaota meno ya pili.
Ndiyo maana haya hainiishi, Mize:
kopo lile nililisoma juu tu.

Juu palikuwa na dume limetuna kifua,
nyota tano, na neno ASILIA kwa rangi ya dhahabu.
Muuzaji wa Darajani alilifuta vumbi kwa kiganja.
"Vitamini tu hizi. Wanakunywa hata watoto wa skuli."
Nikahesabu noti, bado zanukia mikarafuu,
na nyayo zangu bado zina michubuko ya matawi.
Melini usiku kucha nililipakata
kama mtu aliyeaminiwa mwana wa mwenziwe.

Wewe ulikuwa ukizunguka Gombani alfajiri,
soli imeshonwa mara mbili na fundi wa Tibirinzi,
tumboni muhogo wa jana na chai ya rangi.
Nani asingekuonea huruma?
Kijiko asubuhi, kijiko usiku.
Nilikukorogea mimi, kwa mkono huu.
Ulinukia vanila. Ukacheka, masharubu ya povu mdomoni:
"Kaka, mbona kama uji wa harusini!"

Siku ya Amaan uliwaacha kwa kona nzima.
Mita elfu moja na mia tano, na mimi sauti yangu
sikuipata tena hadi Jumatano.
Kisha mama mmoja mwenye beji akakufuata mpaka chooni,
hakukupa hata mgongo.
Chupa mbili, vizibo vinavyolia tik, tik,
vikishafungwa havifunguki ila huko vinakopelekwa.
Na kwenye fomu: umetumia nini siku saba hizi?
Ukaandika, kwa mwandiko wako ule wa duara,
unga wa kaka.

Neno unga, hapa kwetu, lina meno yake.
Barua ilipofika, wiki ya sita, mtaa haukuisoma.
Uliisikia tu.
Kumbe ya kwenye foleni ya maji, kumbe ya msibani,
kumbe mtoto wa Bikombo anakula unga.

Kilichopatikana kina jina refu kuliko nasaba yetu.
Koponi hakimo. Nimelisoma kwa miwani ya mama
mpaka namba ya kiwanda, inayoita, inayoita.
Pengine mashine moja ilisaga vitu viwili.
Pengine mtu alijua.
Daktari alisema ni kidogo, chembe ya chumvi kwenye pipa,
"lakini pipa ni lake. Kilichomo atakijibu yeye,
ajue, asijue."
Wakataka kopo lililofungwa, la toleo lile lile, lipimwe.
Nikavuka tena. Dukani pale
sasa wanauza makava ya simu.
Na letu mama keshalisuza, kalitilia binzari.

Miaka miwili. Hata mazoezi na wenzio huruhusiwi.
Unakimbia barabara ya Vitongoji peke yako,
kabla watu hawajafungua milango wakakuona.
Hujanilaumu.
Ungenilaumu, ningelala.

Msimu umerudi. Tumeketi jamvini, mimi na wewe,
tunachambua. Vidole vyako vyepesi kuliko vyangu.
"Hili konyo," unasema, unalitupa,
"na hili," bila ya kuniangalia.
Jana magharibi nilikuletea gilasi ya maji.
Uliinusa kwanza.
Kisha ukanywa.