Glavu za Sufu

Nimezilaza mezani, juu ya kitambaa cha buluu,
prosesa mbili, usiku mmoja wa Aprili, Rovaniemi,
mto ungali umefunikwa barafu chini ya dirisha.
Ya kale ni ndogo: kisanduku cha kiberiti kilichokanyagwa.
Mpya inajaza kiganja changu chote,
hadi vidole vinasogea kuipisha.

Venla anashika kalamu. Ana miaka ishirini na minne;
ya kale ilipowashwa, yeye alikuwa bado aking'oka meno ya utoto.
"Viini?" anauliza.
Vinne, nasema. Na hii, sitini na vinne.
Anacheka kidogo kwa puani,
kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi ya wazazi wake.

Umeme: wati mia moja na thelathini kwa vinne,
mia mbili na themanini kwa sitini na vinne.
Gawanya mwenyewe. Mimi niligawanya mara mbili,
nikidhani nimekosea.

Lakini ngoja. Mapigo.
Ya kale inapiga haraka zaidi, ndiyo, ya kale,
kikongwe mwenye moyo wa ndege.
Mpya inapiga polepole,
ila kila pigo lake hubeba mzigo wa mawili na nusu.
Venla hakuamini. Nikamwambia, andika.

Tukazipa kazi ile ile: mto Ounas, siku kumi zijazo,
theluji ya vilimani, mvua ikinyesha, mvua isiponyesha.
Kwa ile sehemu inayogawika
(mashamba, vijito, kila mraba wa ramani na mhasibu wake)
ya kale ilitumia saa tisa na dakika arobaini.
Mpya, dakika ishirini na moja.
Hatukuwahi hata kumaliza kahawa.

Barafu yenyewe haigawiki.
Saa ya pili husubiri saa ya kwanza iseme;
bonge hukwama juu ya bonge, kwa zamu, kwa foleni.
Vijiko sitini na vinne haviivishi uji upesi.
Hapo viini sitini na vitatu vilikaa kimya,
kimoja kikahangaika,
na pengo likapungua, likapungua:
dakika arobaini na nne kwa ishirini na sita.

Majibu yalilingana hadi tarakimu ya saba.
Ya nane, kila moja ikashika lake.

Kipya kinyemi, nilitaka kusema, nikanyamaza,
kwa sababu Mei ile, mabonge yalipoziba daraja,
hii ndogo ndiyo iliyokesha.
Ilisema sentimita mia sita na kumi na mbili.
Tukampigia Oiva Kuusela saa tisa usiku ahamishe ng'ombe.
Alitutukana, akawahamisha,
na asubuhi maji yalikuwa zizini, kimo cha kiwele.
Sisemi kwamba ilijua. Ilihesabu.
Hii mpya ingehesabu mapema zaidi,
na Oiva angetutukana saa mbili usiku, akiwa bado macho.

Alfajiri nikaifuta ya kale kwa spiriti;
ule ute wa kijivu ulishakauka, ukabanduka kama magamba.
Miaka kumi na saba nimetundika glavu zangu
nyuma ya seva yake, kwenye upepo wa feni,
na nikienda nyumbani zina joto la mkate.
Mpya haina upepo. Joto lake huchukuliwa na maji,
bomba hadi bomba, hadi bwawa la kuogelea la shule,
ambako watoto wa watu wanapiga mbizi
bila kujua kwamba maji yale yamepashwa moto
na mafuriko ya mwezi ujao.

Fomu ina mstari wa mwisho: Maoni mengineyo.
Venla akanisogezea kalamu.
Nikaandika: Inafaa. Inunuliwe ya pili.
Kisha, chini yake, kwa herufi ndogo,
glavu hazikauki.