Tupa Mwanaharamu

Sheffield, barafu dirishani. Bertalan, wiki ya tatu,
daftari lake limelowa grisi.
Hedley hunyoosha kidole, yeye huandika:
njugu hukazwa kwa spana,
farasi wa mbao hana kichwa,
jiliwa na uovu, jina moja.

"Nipe mwanaharamu!"
Akageuka kumtafuta mtu.
Karakana ikacheka, hata keekee ikazimwa.
Kumbe tupa:
si laini, si ya kuparura,
ipo ipo tu katikati.

Usiku, kwenye chumba cha kupanga,
akaipa ukurasa mzima,
na pembeni, kwa Kihungari:
Huyu namjua. Tumelala kitanda kimoja miaka ishirini.

Asubuhi Hedley hakumaliza neno.
Mpini ulishatua kiganjani mwake,
una joto la mkono mwingine.