Kwa Lali, Juu ya Pete na Mkono

Lali, nasikia yako, sauti uliyotuma,
saa kumi, kwa vicheko, taa zote zimezima;
wasema kipenzi chako ndiye bingwa wa daima.
Usingizi umehama, haya, twende kubishana.

Wewe ulikwenda Manda, kufua nguo za jeshi,
ukarudi umewanda, ukanitia ubishi;
tukapanda na kupanda, darini kufunga dishi.
Dada yako, kwa ucheshi, akasema: "Mwagombana."

Mpira mfano yai, waushika kwa mikono,
mguu haujidai, hugongana hadi meno;
nilidhani ni jinai, si mchezo, ni pigano.
Ukanieleza mno, hadi nikaja kuona.

Yuko mtu katikati, jina lake kwotabeki,
humjia kama nyati, majitu, na hatoroki;
sekunde tatu katiti, apime, arushe haki.
Akikosea hacheki, walimwengu humguna.

Wewe wamtaka yule, Mzee wa Pete Tisa,
wanena hata wa kale hawamfikii hasa;
mkono ungali ule, uzee haukugusa.
Vidole vyajaa sasa, pete zinasukumana!

Pete kitu gani, Lali? Sonara hapa hufua;
ningekuwa na riyali, kumi ningejifulia.
Tuseme lililo kweli: wenza walimkingia.
Ningekaa nikapoa, kahawa tukanywishana.

Wangu mimi ni Kiguru, wa ile timu dhaifu,
hurusha ukawa nuru, ukatua kama sufu;
avunjwe, hapigi nduru, hurudi bila ya hofu.
Hana pete, si sharifu, mkono usofanana.

Wakumbuka lile shuti, theluji yameremeta?
Akakwepa kwa bahati, akayumba, akapita,
akarusha toka kati, yadi sitini na sita.
Ukadakwa! Nikaita; tukasahau kununa.

Nawe ukanena: "Sawa, lakini walifungika;
punda mbioni hupewa taji akisha kufika,
si kwa shingo kuinuwa, na mkia kuzunguka."
Nilikosa pa kushika, ulinikaba bayana.

Kiwanja kile cha Shela, mirathi iliyobaki,
kimetunyima kulala, kadhi naye hakumbuki;
mipaka, hati, na hila, wakili haambiliki.
Tukapita kwa mikiki, salamu tukanyimana.

Fungu lake dada yako nililidai kwa ndimi,
nikasema penye soko, ukanijibu kwa ngumi;
jino nikaacha huko, leo nalicheka mimi.
Tungekufa hatusemi, kama si hao mabwana.

Mwaka kimya, mara simu: "Kiguru ameumia."
Hukunena "Asalamu," hali hukuulizia.
Nikajibu kwa ugumu: "Bado anawazidia."
Ndipo tukajianzia, usiku tukachimbana.

Mwanaidi auliza, akisuka zake kili:
"Hao mnaowakuza, wazijua zenu hali?"
Nikakosa la kujuza, nikaziba uso, Lali.
Akasema: "Afadhali, kuliko mkauana."

Ni fainali ya watu, saa nane za usiku;
njoo Lamu, njoo kwetu, kuna viazi na kuku.
Dishi limeshika kutu, laonyesha kila siku.
Ya Shela yasije huku, hayo tungoje mchana.

Na usinipe ushindi, hata nikikulemea;
kaza, Lali, kama gundi, pete zako shikilia.
Ukikubali, hugandi, simu hutanipigia;
kimya kitaturudia, cha kutosalimiana.

Nangoja sauti yako. Ni Famau, wa Kiguru.